Mgeni Aliyekataa Jembe

Katika orodha ya waigizaji wa tamthilia ya Lost in Space, jina la Jonathan Harris liliwekwa mwisho kabisa, likiambatana na maelezo kwamba yeye ni mgeni maalumu. Sehemu ya kwanza ilirushwa na CBS ya Marekani tarehe 15 Septemba 1965, na ya mwisho tarehe 6 Machi 1968. Zote pamoja zilikuwa 83, na mgeni huyo maalumu alikuwamo katika zote 83. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikaa misimu mitatu, akala, akalala, akawauza wenyeji wake kwa kila jitu lenye pembe lililopita njiani, na kila alipooneshwa jembe alishika kiuno na kulia kwamba mgongo wake haumruhusu.

Wapo wapenzi wa hadithi za sayansi ya kubuni ambao hadi leo hawajamsamehe. Kwao, Dk. Zachary Smith, mhusika aliyechezwa na Harris, ndiye aliyeichukua safari yenye heshima ya familia jasiri na kuigeuza kuwa uwanja wa vioja: mara haramia mwenye kasuku wa bati, mara miungu ya kale ya Skandinavia, na hatimaye karoti inayozungumza, yenye urefu wa mtu mzima na hasira za hakimu aliyekosa chai. Hayo yote yalitokea. Ushahidi ninaukubali, hukumu ndiyo siikubali. Nimeitazama tamthilia hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho, nami nasema kama si yule mzembe mwoga, leo hakuna ambaye angeikumbuka, isipokuwa labda wakusanyaji wa vinyago vya plastiki.

Hebu tuitazame ilivyokusudiwa kuwa. Mwaka ni 1997. Dunia imefurika watu hadi haina pa kuweka mguu, na Marekani imeamua kutafuta makazi mapya kwenye sayari ya nyota ya Alpha Centauri. Kati ya wajitoleaji zaidi ya milioni mbili imechaguliwa familia moja: Profesa John Robinson, mkewe Maureen, watoto wao Judy, Penny na Will, na rubani wao, Meja Don West. Chombo chao, Jupiter 2, kina umbo la sahani mbili zilizofunikana. Watalala usingizi wa baridi kwa miaka mitano na nusu, kisha waamke wamefika. Mwanga wenyewe, ambao hauna mpinzani kwa mbio, huchukua zaidi ya miaka minne kufika huko, kwa hiyo Jupiter 2 haikuwa inakwenda mwendo wa harusi.

Chombo hicho kiliondoka, kwa mujibu wa tamthilia, tarehe 16 Oktoba 1997. Sasa sikiliza maajabu ya kalenda. Tarehe 15 Oktoba 1997, siku moja tu kabla, Marekani halisi kwa kushirikiana na Wazungu wa Ulaya ilirusha chombo halisi kiitwacho Cassini kwenda sayari ya Zohali. Hakikuwa na baba ndani yake, wala mama, wala mtoto. Kilifika mwaka 2004, yaani karibu miaka saba ya safari kufikia sayari ambayo mtu anaiona kwa macho yake akisimama uani usiku. Na roboti aliyesifika zaidi mwaka huo alikuwa Sojourner, kigari chenye kilo zisizofika kumi na moja, kilichoanza kujikokota juu ya sayari ya Mirihi mwezi Julai. Hakikuwa na mikono ya kupunga wala sauti ya kumwonya mtu yeyote juu ya lolote.

Watabiri wa 1965 walikosea kuhusu mbingu, lakini nyumbani ndiko walikokwama kabisa. Maureen Robinson ni mwanasayansi, daktari wa baiokemia. Serikali imetumia mali isiyohesabika kumtoa katika mfumo wa jua. Akifika kwenye sayari ngeni, anapanga meza, anapakua chakula na kuuliza nani hajanawa mikono. Ana mashine ya kufulia ambayo inameza nguo chafu na kuzitoa zimekauka, zimekunjwa, tena zimefungwa kwenye plastiki. Waandishi waliweza kuwaza ustaarabu uliotatua tatizo la kukunja nguo. Wazo kwamba John angeweza kuifungua hiyo mashine mwenyewe na kuzitia nguo ndani, hilo lilikuwa mbali kuliko Alpha Centauri. Naye Judy, binti mkubwa, tunaambiwa aliacha kazi yake ya jukwaani ili awe mlowezi. Kazi aliyopewa badala yake ni kumtazama Meja West kwa macho laini, huku Meja West akitazama injini.

Mwenye tamthilia hii alikuwa Irwin Allen, mtayarishaji wa studio za 20th Century Fox. Alikwisha kupata tuzo ya Oscar kwa filamu ya kumbukumbu ya bahari, The Sea Around Us, na miaka ya sabini angetajirika kwa kuzamisha meli katika The Poseidon Adventure na kuchoma ghorofa katika The Towering Inferno. Alipenda mambo makubwa yanayolipuka. Mazungumzo hayakumkosesha usingizi. Filamu ya majaribio aliyoipeleka CBS ilikuwa na kila kitu alichokipenda: jitu lenye jicho moja likirusha miamba, bahari yenye dhoruba, gari la minyororo likikatiza barafu, radi, tetemeko. Haikuwa na Dk. Smith wala roboti. Haikurushwa kama ilivyo, lakini Allen hakuwa mtu wa kutupa kitu. Aliikatakata akaipachika vipande vipande katika sehemu za mwanzo za msimu wa kwanza, ndiyo maana sehemu hizo zinaonekana za gharama kuliko zote zilizofuata.

Filamu hiyo ya majaribio inatazamika, na baadhi ya picha zake ni nzuri kweli. Kasoro yake ni kwamba watu wake wote ni wema. Baba ni hodari, mama ni mpole, watoto ni watiifu, rubani ana misuli. Jitu likitokea wanalipiga, mvua ikinyesha wanajificha. Ukishajua kwamba hawa watu hawatagombana, hakuna kilichobaki cha kusubiri ila jitu jingine. Mhariri wa hadithi, Anthony Wilson, aliona pengo hilo na kushauri aongezwe adui ndani ya chombo, na roboti wa kushirikiana naye. Harris akaajiriwa wakati waigizaji wengine wote wamekwisha kupangiwa nafasi zao katika orodha ya majina. Ndipo alipojitafutia ule mlango wa nyuma wa kuitwa mgeni maalumu.

Smith wa kwanza hakuwa wa kuchekesha hata kidogo. Ni jasusi anayelipwa na nchi ya kigeni. Katika sehemu ya kwanza anamuua mlinzi kwa pigo la mkono na kuutupa mwili kwenye shimo la taka, kisha anamwamuru roboti aivunjevunje Jupiter 2 saa nane baada ya kuruka. Kwa bahati mbaya yake ananaswa ndani mlango ukifungwa. Uzito wake, ambao haukuhesabiwa, unakisukuma chombo kando ya njia yake hadi kwenye mvua ya vimondo. Wamepotea kwa sababu ya kilo za mtu mmoja aliyepanda bila tiketi. Hakuna utangulizi wa tamthilia ya anga ninaoupenda kuliko huo.

Mpango ulikuwa kwamba muuaji huyo asikae sana. Mhalifu wa kweli akiwa ndani ya nyumba yenye watoto, baada ya majuma machache lazima ama aue mtu ama auawe. Harris alilielewa hilo kabla ya mabosi wake. Akaanza kuchezea maneno yake, hapa anaongeza kilio, pale anapunguza ukali, akimpa jasusi wake woga, uvivu, majivuno na tamaa ya vyakula vizuri. Kwa simulizi yake mwenyewe, Allen alimwita akamwambia kwamba anaona anachokifanya, na alipokuwa akijiandaa kukemewa, akaambiwa aongeze. Akaongeza, na hakuna aliyewahi kumwambia basi.

Harris alizaliwa mwaka 1914 Bronx, New York, katika familia ya Wayahudi waliotoka Urusi wasiokuwa na kitu. Lafudhi ile ya mabwana wa Uingereza, inayotiririka kama samli, aliitengeneza mwenyewe kwa kutazama filamu, na aliwahi kutania kwamba yeye si Mwingereza, ana maringo tu. Mazungumzo yake aliyaandika upya karibu kila juma. Matusi aliyomrushia roboti yalikuwa ya kupangwa kwa ustadi, kila neno likianza na herufi ya mwenzake, na aliyatunga kwa bidii ya mshairi anayetafuta vina. Angekuwa mtu wa Pwani angesimama na kidole juu na kusema: kopo kuukuu lenye kelele, bati bovu lenye bumbuazi! Kisha jitu lingetokea nyuma ya mwamba, naye angejificha nyuma ya kopo hilohilo.

Wahakiki wengine wamemwita mjanja wa hadithi, wakamweka fungu moja na sungura. Hapana. Sungura hushinda. Smith ni fisi, yule wa njia panda aliyenusa nyama pande zote mbili akataka kufuata njia zote mbili hadi akapasuka msamba. Kila juma ananusa: dhahabu, tiketi ya kurudi duniani, mashine ya kutimiza matakwa. Kila juma anamuuza Will, au anamuuza roboti, au anauza chombo kizima. Na kila juma anaburutwa na tamaa yake mwenyewe hadi magoti yake yanagongana, analia kwa sauti inayopanda kama filimbi ya birika, na mtoto wa miaka kumi anakuja kumwokoa.

Hapo ndipo penye utamu ambao wanaomlaumu Smith hawauoni. Bill Mumy, aliyecheza Will, alikuwa tayari mwigizaji mzoefu. Mwaka 1961 alikuwa yule mtoto wa kuogofya katika The Twilight Zone anayewafuta watu kwa kuwafikiria vibaya. Katika Lost in Space alifanya kazi ngumu zaidi, ya kumwamini mtu asiyeaminika bila yeye mwenyewe kuonekana mjinga. Tazama uso wake Smith anapodanganya. Mtoto anajua. Anajua na bado anakwenda naye, kwa sababu watu wazima wengine wote kambini wana shughuli, na huyu mzee mwongo ndiye pekee anayempa muda wake. Urafiki wa namna hiyo hauandikwi na Irwin Allen. Umetokea baina ya mtu mzima aliyepotea na mtoto mwenye upweke, na roboti katikati yao kama mjomba asiyeoa.

Kwa nini familia haimtupi nje? Meja West huuliza swali hilo karibu kila sehemu, na kusema kweli ana hoja. Smith amejaribu kuwaua mara nyingi kuliko majitu yote. Jibu halitolewi. Sahani yake ipo mezani kila jioni.

Huyo roboti naye anastahili aya zake, kwa sababu ni kazi ya watu watatu ambao hawakuonekana. Aliyemchora ni Robert Kinoshita, mbunifu ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alifungiwa kambini na serikali yake mwenyewe, kama Wamarekani wengi wenye asili ya Japani. Kabla ya kumchora huyu alikuwa ameshiriki pia kumtengeneza Robby, roboti wa filamu ya Forbidden Planet ya mwaka 1956. Robby huyo akaja kuwa mgeni katika Lost in Space mwaka 1966, wakapigana. Hivyo tulioneshwa viumbe wawili wa mbunifu mmoja wakigombana, kila mmoja akiwa na mtu anayetokwa jasho ndani yake.

Aliyetokwa jasho ndani ya roboti wetu aliitwa Bob May. Alikariri maneno yote ya roboti na kuyasema kwa sauti akiwa ndani, ili taa ya kifuani iwake na kuzimika sawasawa, huku akijua fika kwamba sauti yake itafutwa. Yalipohitajika matembezi halisi, nusu ya chini ya vazi iliondolewa na kamera ikapanda juu, isije ikaonekana miguu ya binadamu chini ya mitambo.

Sauti iliyobaki ni ya Dick Tufeld, mtangazaji. Alisimulia mara nyingi jinsi alivyoipata. Alipokwenda kujaribiwa alimuuliza Allen kama anataka sauti ya mashine. Allen alishangaa: hii ni jamii iliyoendelea, alitaka sauti ya msomi, tulivu, yenye utu. Tufeld akasoma kwa utulivu. Sivyo. Akasoma kwa upole zaidi. Sivyo. Muda mrefu ukapita, na ikawa dhahiri kazi imemponyoka. Basi kabla ya kuondoka akaomba ajaribu mara moja ya mwisho, akatoa sauti kavu kabisa ya bati linalozungumza. Allen akafurahi, akamwambia hiyo ndiyo jamii iliyoendelea aliyokuwa anaitafuta tangu asubuhi. Nina wasiwasi kwamba nusu ya maamuzi ya sanaa duniani hufanyika hivyo. Na ule msemo wa kumwonya Will Robinson juu ya hatari, ambao Wamarekani wasiowahi kuitazama tamthilia hii huurudia, wanaohesabu mambo hayo wanasema roboti aliutamka kwa maneno hayohayo mara moja tu, katika msimu wa tatu.

Januari 1966 ABC, mshindani wa CBS, ilianza kurusha Batman, Jumatano, saa moja na nusu usiku, saa ileile ya akina Robinson. Batman ilikuwa ya rangi, ya kejeli, ya ngumi zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kioo, na Marekani nzima iliipenda ghafla. Allen alisoma alama za nyakati. Septemba mwaka huohuo Lost in Space ikarudi ikiwa na rangi, na ni rangi kwelikweli: fulana za zambarau, za machungwa, za kijani cha kasuku, kana kwamba kilichopotea angani ni duka la vitambaa. Uzito wa msimu wa kwanza uliachwa kwenye sayari iliyolipuka. Baba, mama, Judy na West wakawa watu wa kusimama mlangoni na kusema chakula kiko tayari.

Vioja vya msimu huo wa pili si vyote vilivyo vizuri. Sehemu nyingine zinachosha hata kwa mwenye mapenzi, na mashindano ya urembo wa anga ya msimu wa tatu nayaacha yapite bila maoni. Lakini kati ya uchafu ule kuna lulu. Katika sehemu moja ya mwaka 1966 Smith anakuta mashine porini, anabonyeza bonyeza kwa tamaa, kumbe ni ya kuagizia bidhaa kutoka duka kubwa la mbinguni. Mzigo unafika: mwanamke wa kutengenezwa, Verda, ambaye hakuna aliyemtaka wala mwenye fedha za kumlipia. Baadaye anafuata meneja wa duka, Bwana Zumdish, kudai mali. Mtu anabonyeza asichokielewa, anapokea asichokihitaji, na kumrudishia muuzaji ni vita. Katika tamthilia iliyokosea kuhusu kila kitu cha 1997, mwandishi wa sehemu hiyo aliuona mwaka 2020 waziwazi.

Majitu yalikuwa ya kukopeshana. Jitu lililoonekana katika Voyage to the Bottom of the Sea, tamthilia nyingine ya Allen, liliweza kubadilishwa kidogo na kutumika tena hapa. Kama waigizaji walihitaji kuonekana wamepigwa na kimondo, kamera iliinamishwa upande mmoja nao wakajirusha upande mwingine, wote kwa pamoja, wakishika meza ambazo hazikutikisika. Ukubwa wa Jupiter 2 nao ulikuwa wa imani. Kwa nje ni sahani ya kuegeshwa kwenye ua, kwa ndani ina ghorofa, vyumba vya kulala, jiko, na katika msimu wa tatu chombo kidogo cha ziada ambacho kabla ya hapo hakikuwapo.

Ni rahisi kuyacheka hayo, na watu wengi huishia hapo. Kicheko cha jitu bandia lililochanika hakina maisha marefu. Baada ya jitu la tano la kitambaa umekwisha kucheka, unaanza kusinzia. Kicheko kisichokwisha ni cha mtu anayejua vizuri kwamba jitu ni la kitambaa, akaliogopa kwa moyo wake wote, kwa sauti kamili, kwa mikono, kwa nyusi. Harris alikuwa wa kwanza kugundua anaigiza katika upuuzi, akaupa upuuzi huo kila alichokuwa nacho. Wenzake walijaribu kuuvumilia.

Siku uvumilivu ulipokwisha ni siku ya karoti. Sehemu hiyo inaitwa The Great Vegetable Rebellion, ilirushwa tarehe 28 Februari 1968, na iliandikwa na Peter Packer, aliyekwisha kuwaandikia hadithi nyingi na ambaye, nahisi, hakuwa amebakiwa na kitu kichwani. Ni siku ya kuzaliwa ya roboti. Smith anakwenda kumchumia maua, jambo jema pekee alilowahi kufikiria, na anatua kwenye sayari ya mimea. Anachuma ua. Ua linalia. Anatokea Tybo, mtawala wa sayari, ambaye ni karoti. Simaanishi mtu mwenye nywele za rangi ya karoti. Namaanisha karoti, ya mpira, ndefu, na katikati yake uso wa Stanley Adams, mwigizaji ambaye miezi miwili tu kabla alikuwa ameonekana katika Star Trek akiuza wale wanyama wadogo wa manyoya wanaozaana bila kikomo.

Tybo anatoa hotuba juu ya uovu wa wala mboga. Anatoa hukumu. Smith anaanza kugeuka kuwa shina la selari, na hapo Harris anafanya jambo ambalo shule za uigizaji zingepaswa kulionesha: anacheza selari kwa huzuni. Anasimama amepandwa ardhini, majani yametoka, na anaongea kama mfalme aliyepinduliwa. Kando yake Guy Williams na June Lockhart, yaani John na Maureen, wanahitajika kuwa na hofu. Watazame midomo yao. Lockhart alisimulia miaka mingi baadaye kwamba walicheka hadi upigaji picha ukakwama mara kwa mara, na kwamba kwa adhabu wakaondolewa katika sehemu zilizofuata. Zilizofuata zilikuwa chache tayari. Juma moja baada ya karoti kurushwa, tamthilia ikafikia mwisho wake, bila sehemu ya kufunga hadithi. CBS haikuagiza msimu mwingine. Akina Robinson hawakufika Alpha Centauri, hawakurudi duniani.

Kuna waliolipia furaha yangu, na ningekuwa mwongo kama Smith nikiwapitia kimya. Guy Williams aliajiriwa kuwa nyota. Alikuwa Zorro wa televisheni, mtu mrefu, mzuri, hodari wa upanga, na alikuja kuongoza tamthilia ya anga. Aliishia kusimama nyuma ya mtoto, roboti na mzee anayepiga ukunga. Hakuufurahia mwisho ule. Baadaye alihamia Argentina, ambako Zorro alikuwa bado shujaa wa mitaani, na huko Buenos Aires akafariki mwaka 1989. Mark Goddard, Meja West mwenye swali lake lisilojibiwa, alikuja kuwa mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu huko Massachusetts. Angela Cartwright, aliyetoka moja kwa moja katika The Sound of Music kuja kuwa Penny, alipewa sehemu moja nzuri kweli katika msimu wa kwanza, ya msichana anayefanya urafiki na sauti iliyo pangoni. Nje ya hapo alipewa sokwe mtu aliyevishwa kofia ya masikio marefu kuwa mwenziwe.

Na kuna Star Trek, ambayo hutajwa kila mara kama kipimo cha aibu yetu. Kwa maelezo ya Gene Roddenberry, CBS walimsikiliza mwaka 1964, wakamhoji kwa makini jinsi ya kubana matumizi, kisha wakamwambia wanayo tayari tamthilia yao ya anga. Alikwenda NBC. Mwaka 1966, wakati akina Robinson weupe watupu wakila chakula cha jioni, Star Trek ilimweka Nichelle Nichols katika chumba cha uongozi, na jina la mhusika wake, Uhura, limetoka katika lugha hii unayoisoma. Kwa upande wa fikra hakuna shindano, Lost in Space imeshindwa. Ila nina swali dogo kwa waheshimiwa wa upande wa pili: katika wale maofisa wote shupavu wa Star Trek, yuko nani ambaye akiambiwa ashuke kwenye sayari hatari atasema ukweli, kwamba anaogopa na mgongo unamuuma?

Waliokuja kuirekebisha waliamini dawa ni uzito. Mwaka 1998 ikatengenezwa filamu, yenye giza na moshi, William Hurt akiwa baba na Gary Oldman akiwa Smith wa kutisha. Ilifungua Aprili ikashika nafasi ya kwanza kwa mapato Marekani, na kwa kufanya hivyo ikaing'oa Titanic iliyokuwa imekalia kiti hicho kwa majuma 15. Hilo ndilo jambo lake pekee linalosimuliwa. Waigizaji kadhaa wa zamani walipewa nafasi ndogo za heshima, na Tufeld akatoa sauti ya roboti. Harris, aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 80, aliombwa naye. Akakataa, akieleza kwamba hajawahi kuigiza nafasi ndogo ya kupita tu na hakuona sababu ya kuanza uzeeni. Mwaka huohuo sauti yake ilikuwa katika A Bug's Life, na uliofuata akawa yule mzee anayemtengeneza Woody katika Toy Story 2. Alifariki Novemba 2002, zikiwa zimebaki siku tatu atimize miaka 88.

Netflix nao walijaribu, kuanzia 2018 hadi 2021, misimu mitatu. Ni kazi ya heshima. Maureen wa sasa ni mhandisi na anafanya uhandisi, Judy anachezwa na Taylor Russell, binti mweusi wa Kanada, na hakuna anayeagizwa kunawa mikono. Smith ni mwanamke, Parker Posey, mlaghai aliyeiba kitambulisho cha Dk. Smith wa kweli. Anayeibiwa, kwa sekunde chache, ni Bill Mumy mwenyewe, Will wa zamani akiwa na nywele za uzee. Jina halisi la huyo mlaghai ni June Harris, kwa heshima ya Lockhart na ya mzee wetu. Posey ni mwigizaji hodari na hila zake zinatisha kweli. Nilimtazama hadi mwisho wa msimu wa tatu, nikisubiri apige ukunga na kukimbilia nyuma ya mtoto.